Puto la Shule Tatu

Kila jioni nikishaosha vyombo huwa nasoma kwa taa ya sola ya Mama. Ijumaa ile nilisoma kwa koroboi, moshi ukiniwasha macho, maana paneli ndogo ya taa nilikuwa nimeiazima kwa ajili ya klabu.

"Irudi nzima, Dorotea," Mama alinionya. "Sina nyingine."

Klabu yetu ni ya shule tatu: Musoma, Bunda na sisi wa Butiama. Mwalimu Florian alitutaka tujifanye nchi tatu jirani zenye mpango mmoja wa anga. Setilaiti tutaitoa wapi? Tulikuwa na puto kubwa la kubeba kamera. Puto lilitoka Bunda, kamera Musoma, na sisi tukaleta paneli ya kuipa umeme; vyote vilitunzwa Musoma. Sheria tulitunga wenyewe: uenyekiti ni kwa zamu, kila shule inashika kamba yake, na puto halipandi mpaka shule zote tatu zikubali.

Jumamosi, siku ya kulirusha mbele ya wageni waalikwa, tulipofika ufukweni Mwigobero, Musoma, na wenzetu wa Bunda, tulikuta watu wanatazama ziwani. Puto halikuwepo.

"Enos, puto liko wapi?" nilimuuliza mwenyekiti, kijana wa Musoma.

"Wageni waliwahi kufika," alijibu bila kuniangalia. "Tukaona aibu kuwangojesha. Tukalirusha."

"Kwa kamba ngapi?"

"Yetu tu. Upepo ukaikata."

"Na paneli ya mama yangu?"

Akaonyesha ziwani kwa kidole. Jamani, nililia kwa hasira palepale mbele ya wachuuzi wa dagaa.

Mwalimu Florian alituita kikao. Bunda walitaka Musoma wafukuzwe.

"Wamezoeaga hivyo, kujiona wakubwa kwa sababu wako mjini!" mmoja wao alifoka.

Macho yote yakanigeukia, maana iliyobaki ni sauti ya Butiama. Ningesema "watoke", mpango ungekufa siku ile, na kusema kweli nilitamani kusema.

"Wabaki," nilisema. "Lakini uenyekiti uende Bunda, na Mama apate taa nyingine."

Enos alikubali wa kwanza. Wiki iliyofuata alileta taa mpya Butiama, yeye na baba yake. Mama aliipokea, akawakaribisha uji.

Kwenye kikao kilichofuata Mwalimu alisema, "Ushirika wa nchi nao huharibika hivi. Hakuna anayetangaza kwamba anavunja. Mmoja anaamua peke yake mara moja tu, kwa haraka zake, na wenzake wanaacha kumwamini. Kilichochangwa na wote, kiamuliwe na wote, hata kama wageni wamesimama mlangoni."

Kikao kilipoisha Enos alininyooshea mkono. Sikuupokea. Nilikuwa nimekubali abaki; kucheka naye, bado.