Chemchemi ya Mama Dobi

Mama Dobi huamka na nguo za watu. Huloweka, husugua, husuuza, huanika. Mumewe, Fundi Viti, hupiga randa barazani. Mimi jirani yao nawasikia wakitaniana tangu asubuhi. Wanapendana watu hawa, jamani!

Maji yao hutoka kwenye chemchemi nyuma ya nyumba. Kila wiki Fundi Viti alifyeka kando yake. Alikata majani, akang'oa matete, akafagia hadi udongo ukabaki mtupu.

"Sitaki nyoka amguse mke wangu," alisema.

Mvua ikinyesha, maji yaligeuka tope. Jua likiwaka, yalipungua. Shuka nyeupe zikaanza kutoka na rangi ya udongo. Wateja wakaondoka mmoja mmoja.

"Nitaacha kufua," Mama Dobi aliniambia, akalia. "Na mikono hii haijui kazi nyingine."

Moyo uliniuma. Nikamwita Dada Miche, yule anayeotesha miti kitaluni. Alikuja, akachuchumaa, akashika ule udongo.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi!" Fundi Viti akajibu kwa fahari.

"Pole, kaka. Unaiua chemchemi bila kujua. Majani si uchafu. Mizizi yake hushika udongo usiingie majini. Pia husaidia maji ya mvua kuzama ardhini taratibu. Maji hayo ndiyo mnayochota wakati wa kiangazi."

Fundi Viti aliutazama ule udongo mtupu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Nisamehe, mama watoto. Nilikuwa nakufyekea wewe."

"Najua, mume wangu. Ndiyo maana sikukukataza."

Mtaa mzima tulitoka. Tulirudishia matete. Tukapanda miti ya asili kwenye mteremko wa juu. Tukazungusha uzio, mbuzi wasiingie. Na nyoka je? Tuliacha njia moja pana, tukaitandazia mawe, nyoka aonekane mapema.

Haikuwa kazi ya kulala na kuamka. Tulingoja misimu ya mvua ipite. Lakini kiangazi hiki tunachota kama kawaida. Maji ni meupe, unaona hadi changarawe chini. Wateja wamerudi, tena wamekuja na wenzao.

Jana Mama Dobi alianika shuka za zahanati, kamba nzima. Fundi Viti akasimama anazitazama, machozi yanamlengalenga.

"Unalia nini, baba watoto?"

"Silii. Vumbi tu."

"Vumbi gani, na majani yote haya?"

Mama Dobi akacheka, akamfuta macho kwa kiganja chake kilicholowa.