Fundi Aliyefunga Daraja

Arnaut alikuwa fundi wa viatu vya mbao katika kijiji kimoja cha kusini mwa Ufaransa. Yeye alichonga, mkewe Katalina alipanga viatu mlangoni. Lakini kila siku ya soko, watu wa milimani walivuka daraja na mikokoteni ya viatu vya mbao. Viatu vyao vilikuwa vya bei rahisi, na wateja wa Arnaut walimhama mmoja mmoja.

Arnaut akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kuwazuia. Meya akatoa amri: viatu vya milimani visivuke daraja. Siku hiyo Arnaut alitembea kifua mbele.

Watu wa milimani waliposikia, wakasusa soko zima. Arnaut aliuza vizuri mpaka magogo yakamwishia. Akatafuta mengine, hakupata. Magogo mazuri yalikuwa yakija kwa mikokoteni ile ile ya viatu.

Katalina alicheka mpaka akashika mbavu. "Mume wangu, umefunga mlango nawe uko nje."

Arnaut akaenda kwa hakimu wa kijiji, Bwana Labègue, msomi aliyelima zabibu. Hakimu hakumgombeza. Alimwonyesha mapipa ya mvinyo, yamejaa, hayana mnunuzi.

"Mvinyo huu hunywewa na nani?"

"Watu wa milimani."

"Nasi wakulima tukishauza, viatu tunanunua kwa nani?"

Arnaut akakuna kichwa. "Kwangu, mheshimiwa."

"Basi ukimzuia jirani kuuza, umemzuia kununua."

"Lakini bei yao siiwezi. Nitakula nini?"

"Wao wanajua kuchonga haraka. Wewe unajua nini wasichokijua?"

Arnaut alifikiri. Alijua kushona ngozi laini juu ya mbao, mguu usichubuke.

Aliona haya, lakini alirudi nyumba zile zile kuomba sahihi upya. Daraja likafunguliwa. Tangu hapo akawa ananunua viatu vya milimani vya mbao tupu na kuvishonea ngozi. Hata wachongaji wenyewe walivinunua kwake.

Mwaka huo jimbo lilimchagua Bwana Labègue kuwa mbunge. Arnaut akamzawadia jozi moja.

"Mbao ya wapi?" akauliza hakimu.

"Ya milimani."

"Na ngozi?"

"Ya bandarini, Bayonne. Mkono ndio wangu."

Hakimu akavivaa, akapiga hatua mbili tatu sakafuni. "Vimenikaa. Wakubwa wa Paris wakinibishia kuwa njia za biashara zifungwe, nitavivua niwawekee mezani."