Sifuri Ndani ya Mabano

"Sema ni wewe," Dereva alimwambia. "Neno moja tu. Sema ni wewe uliyenakili, yaishe."

Chiriku aliisahau pasi juu ya kola ya shati mpaka harufu ya kuungua ikamgutusha. Akaiinua haraka. Doa la rangi ya chai lilikuwa limeshakaa pale, na shati lenyewe la mteja mmoja mkorofi.

"Rudia," alisema.

"Umenisikia."

"Nimekusikia. Nataka nikuone ukilisema mara ya pili."

Dereva aliangalia mlangoni, akaangalia mashine za kufulia, akaangalia kila kitu chumbani mle isipokuwa macho ya mchumba wake. Pale kwa dobi wote walimwita yule binti Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo ulifunga, na Dereva alipaswa kuogopa hapohapo.

Wawili hawa walikuwa wamevishana pete. Chiriku alipiga pasi, Dereva alipeleka nguo mahotelini kwa gari dogo la kazini. Hesabu ilikuwa imewaangusha wote wawili shuleni, kwa hiyo walijiandikisha pamoja darasa la watu wazima, baada ya kazi, ili warudie mtihani. Chiriku alikuwa na chuo cha uuguzi kilichomkubalia tayari, kimebakiza cheti cha hesabu tu. Dereva aliahidiwa usimamizi wa magari yote ya kampuni kwa sharti hilohilo. Matokeo yatoke, harusi ifuate. Mpango mzuri, mpaka aljebra ilipoingilia kati.

Kufungua mabano hakukumsumbua Chiriku. Namba iliyo nje inaingia ndani, inamzidisha kila mmoja aliyemo, haibagui. Kilichomtoa jasho ni kurudi nyuma: kutafuta vigawo, yaani kuchomoa kile ambacho wote wanacho na kukiweka nje. Ukimpa 6x + 3, anaona upesi kwamba tatu imo kotekote. Anaitoa nje. Kwenye 6x inabaki 2x, sawa. Na kwenye ile tatu, ukishatoa tatu, kinabaki nini? Kwa Chiriku ilibaki sifuri, kama kapu lililotolewa nguo zote. Basi anaandika 3(2x + 0), tena kwa mwandiko mzuri, na anaendelea na maisha yake. Mwalimu alimsahihisha hadi akachoka. Wengine waliisahau ile sehemu kabisa, lakini kuiandikia sifuri alikuwa yeye peke yake.

Sasa kwenye mtihani wa majaribio zikatokea karatasi mbili, ya Chiriku na ya Dereva, zenye sifuri ileile, swali lilelile. Mwalimu aliwaita wenyewe, akaziweka karatasi ubavu kwa ubavu.

"Sifuri hii haina wazazi wawili," alisema. "Mnao muda hadi Ijumaa. Aliyenakili ajitaje mbele ya mkuu wa kituo. Jina lake litaondolewa kwenye mtihani wa mwaka huu."

Ndipo leo, kwenye mvuke wa chumba cha pasi, Dereva akakiri kwamba aliangalia. Kidogo tu, alisema. Chiriku akakumbuka zile saa zote za chakula cha mchana alizozitumia kumwelekeza, na yeye akitikisa kichwa, nimeelewa, nimeelewa. Kumbe mwenzake alikuwa anaitikia tu.

"Kwa nini niseme mimi?" aliuliza.

"Kwa sababu wewe unaweza kusubiri. Chuo hakihami. Mimi hii nafasi akipewa mwingine, ndiyo basi tena. Na mimi ndiye kichwa cha nyumba yetu, Chiriku."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mwaka. Mwaka mmoja ni kitu gani kwa mtu anayependa?"

Chiriku alichukua shati lile lililoungua akaenda kuliloweka.

Maana tusidanganyane, alimpenda yule kijana. Mama yake Chiriku alipovunjika mguu, Dereva ndiye aliyembeba mgongoni kutoka ghorofa ya juu hadi chini, huku akimtania mgonjwa kwamba ni mzito kuliko mashuka ya hoteli, na mama akacheka katikati ya maumivu. Mtu wa namna hiyo humwachi kirahisi. Ndiyo maana ombi lake lilimuuma kuliko tusi.

Jioni hiyo simu ikaita. Alikuwa shangazi yake Dereva, mama aliyemlea na ambaye ndiye aliyesimamia mipango ya harusi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kuna kajambo shuleni."

Shangazi aliongea kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Mwanamke ni kuvumilia. Mwanamke ni kumfunika mumewe. Hata yeye aliwahi kuyaacha masomo kwa ajili ya marehemu mumewe, na mbona hakufa. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Shangazi," alisema, "nikifunika hili, kesho nitafunika lipi?"

"Una maneno mengi."

"Ndiyo, Shangazi. Ndiyo maana wananiita Chiriku."

Simu ikakatwa. Haukupita muda, ujumbe wa Dereva ukaingia: *Umemjibu shangazi yangu vibaya. Kama hunisaidii kwa hili dogo, tujiulize kama harusi ipo.*

Chiriku aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta pia. Mwishowe akatuma: *Jiulize wewe. Mimi Ijumaa nakuja na kichwa changu.*

Halafu akakaa kitandani akalia kwa kwikwi, sura ameizika kwenye kanga. Usidhani mkaidi halii.

Ijumaa walikuta madawati yamesogezwa ukutani. Mkuu wa kituo, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikaa mbele pamoja na Mwalimu. Aliuliza nani aanze. Chiriku alinyamaza makusudi. Alitaka kumpa mwenzake nafasi ya mwisho ya kuwa yule aliyembeba mama yake.

Dereva akasafisha koo.

"Ni yeye," alisema akiangalia viatu vyake. "Alikuwa amekwama. Nilimwonea huruma nikamwachia aone."

Hata Mwalimu alishtuka. Kunyamaza ni jambo moja. Kumtwika mwenzio mzigo wako huku amesimama pembeni yako ni jambo jingine kabisa.

"Dereva," Chiriku alisema taratibu, "niangalie halafu useme tena."

Dereva hakuinua uso. Mkuu wa kituo akamgeukia Chiriku, akamuuliza kama anakubali.

"Sikubali. Sikunakili, na sitasema nimenakili, hata kama harusi yangu inafia humu ndani leo. Muulizeni kwa nini aliandika sifuri."

Mwalimu akamuuliza. Dereva akajibu kwamba ndilo jibu lililokuja. Lilikujaje? Lilikuja tu. Chiriku alipoulizwa, alieleza habari ya kapu na nguo: umetoa tatu, zilikuwa tatu, kapu tupu. Alieleza kwa mikono miwili, kama mtu anayetetea shamba la baba yake, na kosa lenyewe bado analiamini.

Mwalimu akaandika ubaoni 8y + 4, akampa chaki.

Chiriku alisimama mbele ya ubao. Nne imo kwenye nane, nne imo kwenye nne. Aliitoa nje, akaandika mabano, mkono ukakimbia wenyewe: 4(2y + 0).

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Mkuu wa kituo akavaa miwani yake.

"Lakini amekosea," alisema.

"Amekosea," Mwalimu alijibu. "Amekosea vilevile, na sababu ya kukosea anayo. Hilo kosa ni lake, Mkuu. Binti, hebu fungua mabano yako turudi tulikotoka."

Hapo Chiriku alikuwa nyumbani. Nne mara 2y, 8y. Nne mara sifuri, sifuri. Akaandika 8y. Akalitazama. Akatazama juu, pale palipoandikwa 8y + 4.

"Nne yangu imekwenda wapi?" aliuliza ubao.

Alisimama pale chaki ikiwa hewani, midomo ikicheza. Ili irudi nne, ndani lazima kuwe na kitu ambacho nne ikikizidisha inakuja nne. Akaifuta sifuri kwa kidole. Akaandika moja.

"Kumbe sikutakiwa kutoa kapuni," alisema, akimgeukia Mwalimu kana kwamba wamo humo wawili tu. "Nilitakiwa kugawanya. Nne kwa nne ni moja. Miezi yote hii nilikuwa natoa, Mwalimu, nilikuwa natoa."

"Miezi yote hii nilikuwa nakwambia," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Kisha akaandika 10y + 5, akamnyooshea Dereva chaki. Dereva aliipokea. Aliusogelea ubao, akaandika mabano mawili, ya kufungua na ya kufunga, katikati patupu. Chaki ikakatika mkononi mwake, kipande kikaanguka.

"Ni mimi," alisema. "Nilinakili mimi."

Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa hotuba. Alilikata jina la Dereva palepale, akawatakia jioni njema.

Dereva alimkimbilia Chiriku hadi getini, akamshika kiwiko. Chiriku akakitoa kiwiko chake mkononi mwake.

"Nimekiri, au hukusikia?" Dereva alisema.

"Ulikiri chaki ilipokukatikia. Kabla ya hapo ulishaniuza."

"Niliogopa. Shangazi, kazi, vijana wa kule gereji wangenicheka. Chiriku, niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Lakini sikukutaja mpaka uliponitaja."

Kijana akaanza kulia, na watu wakipita wanaangalia. Chiriku alitamani kumfuta machozi. Badala yake aliivua pete, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

"Kwa hiyo umeniacha."

"Sijakuacha. Nakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi. Ulitaka nibaki sifuri ili wewe utoke nje mzima. Sasa kaa na pete hii mpaka utakaponiletea kitu ulichokifanya kwa kichwa chako mwenyewe."

"Hiyo si leo wala kesho. Mtihani mwingine ni mwakani."

"Sawa. Mwaka mmoja ni kitu gani kwa mtu anayependa?"

Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Chiriku alifanya mtihani wake, akafaulu, akaenda chuo. Sare yake alijipigia pasi mwenyewe, wala hakuna kola iliyoungua. Shangazi alitangaza huku na huko kwamba yule msichana ana kiburi, na walioleta habari hizo Chiriku aliwaambia wampelekee salamu, wamwambie ni kweli. Nafasi ya usimamizi alipewa mtu mwingine. Dereva aliendelea kuendesha gari lilelile, na Chiriku alisikia kwamba jioni alikuwa anakaa dawati la mbele kabisa, anauliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Walisalimiana kwa ujumbe, mara mojamoja, kama majirani.

Jumapili moja mchana, mtihani wa Dereva ukiwa unakaribia, simu ya Chiriku ikalia. Ilikuwa picha ya karatasi iliyofutwafutwa hadi ikachanika pembeni. Mwandiko wa Dereva: 5x + 10 = 5(x + 10).

Chiriku aliitazama muda mrefu. Alikuwa amefanya makosa ya kila aina katika aljebra, lakini hilo hakuwahi kulifanya.

*Nani kakufanyia?* aliandika.

*Mimi. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Nimepata?*

*Hujapata. Fungua mabano yako urudi ulikotoka.*

Chiriku alizunguka chumba, akakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Simu ikalia.

*Imekuja hamsini. Kumi yangu imekuwa hamsini. Nimegawanya ya kwanza, ya pili nimeiacha na mzigo wake wote.*

Na baada ya ujumbe huo, mwingine: *Ndivyo nilivyokufanyia wewe. Sehemu yangu niliipunguzia mzigo, yako nikaiacha nao.*

Chiriku alikaa chini. Alicheka, halafu akajikuta anafuta macho. Mtu anayenakili hunakili jibu analoliona zuri. Kosa bovu namna hii, la mtu aliyesumbuka asubuhi nzima, halipatikani kwa jirani.

*Hilo kosa ni lako mwenyewe,* aliandika. *Njoo nalo nyumbani tulisahihishe. Na pete uje nayo.*

*Nakuja sasa hivi. Shangazi naye aje?*

*Aje. Ila ajue chuo changu namaliza kwanza, ndoa baadaye.*

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

*Anajua. Nilishamwambia mwenyewe, akanuna, nikamwambia tena.*