Ngoma Iliyokatizwa Mtaa wa Sofia

"Nani huyo anaimba na shemeji?" Maundu aliuliza.

Wimbo ulikuwa ndio kwanza umeisha. Maundu alikuwa Machakos, kwenye chumba chake cha kupanga, gita la plastiki mapajani. Kaka yake Muinde alikuwa Voi, mtaa wa Sofia, ameketi nyuma ya ngoma za plastiki zilizofungwa kwenye fremu ya chuma. Na Wakio, mke wa Muinde, alikuwa amesimama katikati ya sebule na maikrofoni mkononi, jasho likimtoka puani. Hao watatu ndio waliokuwa bendi. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana mtandaoni, wakachagua wimbo, rangi zikateremka kwenye skrini, na kila mmoja akabonyeza, akagonga au akaimba kwa wakati wake, huku gemu ikiwapa alama.

"Anaimba peke yake," Muinde alijibu. "Nani mwingine?"

"Manze, mimi nimesikia wawili. Mmoja juu, mmoja chini. Huyo wa chini ni kama mama mzee."

"Hiyo ni spika inarudisha sauti." Muinde alikuwa fundi wa stima, na kwake yeye kila jambo la ajabu lilikuwa waya uliolegea mahali fulani.

Wakio hakucheka. Aliweka maikrofoni mezani polepole.

"Mimi pia nimemsikia," alisema. "Nilidhani ni Maundu anafanya mchezo."

Maundu akasema wachague wimbo mwingine, na wakachagua. Walipokuwa wakingoja ufunguke, Muinde akafanya kama alivyozoea: akapiga mdundo aliousikia kwenye harusi ya binamu wa Wakio kule Chawia, mahali ambapo akina mama walipiga mwazindika, ngoma ya Kidawida, hadi vumbi likapanda magotini. Alikuwa ameurekodi kwa simu na kujifunza mwanzo wake tu. Ulikuwa mdundo mtamu, wa kuita, kama mtu anayebisha hodi akiwa na hakika kwamba atafunguliwa. Kila mara wimbo wa gemu ulipofunguka aliukatiza katikati, akaanza kugonga zile rangi. Hakuwahi kuona ubaya wowote katika hilo.

Siku hiyo, alipoukatiza, aliguswa na harufu puani. Ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe iliyowekwa karibu na moto. Akageuka kutazama jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

*

Katikati ya wiki alipata kazi karibu na stesheni, akaona apitie nyumbani kula chakula cha mchana. Jua la Voi lilikuwa limekaa juu ya mabati, barabara haina mtu, hata mbuzi wamejibana kwenye vivuli vya kuta. Alipofika langoni alisikia ngoma.

Alitabasamu. Akafikiri Wakio amefunga saluni mapema na anajifunza. Lakini alipofika mlangoni aliona kufuli likining'inia nje, kama yeye mwenyewe alivyolifunga asubuhi.

Alisimama na ufunguo mkononi. Ndani, mdundo wa Chawia ulikuwa unapigwa, si kwa sauti ya vijiti kwenye plastiki, bali kwa sauti nzito ya kiganja kwenye ngozi, na kila ulipofika pale alipozoea kuukatiza, ulikatika, ukasubiri, ukaanza upya. Ukakatika. Ukasubiri. Ukaanza upya. Ulikuwa kama mtu anayeuliza swali lile lile kwa mtu asiyemjibu.

Alifungua kufuli. Kimya. Vijiti vilikuwa mezani. Waya wa ngoma ulikuwa umechomolewa, umekunjwa, umewekwa juu ya runinga. Na ile harufu ya ngozi ilikuwa imejaa sebuleni hadi macho yakamwasha.

Hakula. Alirudi kazini, na jioni hakumwambia Wakio neno, kwa sababu Wakio naye alikuja na lake. Sauti ilikuwa imemtoroka. Alikuwa akimsuka mteja, akafungua kinywa amuulize kama anaumia, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo mzito. Mteja akacheka kwanza. Kisha akaomba kuondoka na nywele zikiwa zimesukwa nusu.

"Alisema nimemwongelesha Kidawida," Wakio alinong'ona. "Kidawida cha zamani, cha nyanya zetu. Muinde, mimi nimezaliwa hapa Voi. Kidawida changu ni cha kuombea maji tu."

"Umechoka."

"Sijachoka. Kuna mtu ananisubiri ninyamaze ndiyo aongee."

Jumapili Muinde alitaka wasicheze, lakini Wakio ndiye aliyewasha mashine. Aliimba wimbo mgumu kuliko yote na hakukosa hata noti moja. Alama zilijaa. Maundu alipiga kelele za furaha kutoka Machakos, na Muinde naye, ninasikitika kusema, akafurahi. Kisha wimbo ukaisha, skrini ikaandika pongezi zake, na Wakio hakuacha kuimba.

Mabega yalianza kumtetemeka, kidogo kwanza, kama mtu aliyeshikwa na baridi, kisha kichwa kikafuata, kikaenda mbele na nyuma, na ile sauti ya chini ikapanda ikaifunika ya kwake, maneno yakitoka ambayo Muinde, Mkamba wa Kibwezi, hakuelewa hata moja.

"Zima!" Maundu alilia kwenye spika. "Bro, zima hiyo kitu!"

Muinde alikimbilia swichi kuu, akakata stima ya nyumba nzima. Skrini ikawa nyeusi. Lakini sauti iliendelea, na si kutoka kinywani mwa Wakio peke yake, maana alikuwa ameanguka sakafuni na meno yameumana. Ilitoka pia kwenye zile ngoma, ikitetemesha plastiki kama mtu anayeongea akiwa amefunika uso kwa sufuria.

Muinde alishika simu, akampigia shangazi wa Wakio, Margaret, kule Mghange, akaielekeza simu kwenye ngoma bila hata salamu. Shangazi alisikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu sana.

"Anasema nini, shangazi?"

"Anasema umemwita." Sauti ya mama yule ilikuwa ndogo. "Anasema kila wiki unamwita, akifika mlangoni unamfungia. Sasa amechoka kusimama nje. Nitakuja. Hiyo ngoma usiiguse. Na usiitupe."

*

Kabla ya shangazi kufika alikuja Pasta Obadiah, kwa kuwa Wakio aliimba kwaya na habari zilikuwa zimevuma kanisani. Aliomba vizuri, kwa machozi. Wakio aliketi ametulia kama mtoto aliyeogeshwa. Lakini pasta aliposema amina, ngoma zikaitikia kutoka kwenye kona, mara moja, kwa adabu kabisa. Pasta alitazama waya wa ngoma, uliokuwa umechomolewa na kukunjwa juu ya runinga. Alimshika Muinde bega, akashika kwa nguvu, kisha akaenda.

Shangazi Margaret alifika mchana uliofuata akiwa amevaa tisheti ya kikundi chake. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha mwazindika, kile ambacho siku hizi huitwa kwenye harusi na sherehe za serikali, kikapiga kidogo, wageni wakapiga picha, kikanyweshwa soda. Hakuwa na hirizi wala unga. Aliingia chumbani akamtazama Wakio aliyelala amefumba macho, vidole vyake vikigonga godoro taratibu, akatoka akaketi mbele ya ngoma za plastiki, akazishika moja moja kama mtu anayenunua nyungu sokoni.

"Zamani ngoma hii haikuwa ya harusi," alisema. "Ilipigwa mwanamke akiingiliwa na pepo. Pepo alipewa mdundo wake, akacheza, akashiba, akaenda zake. Sisi tumeacha mengine, lakini jambo moja tunalishika. Ukipiga ule wa kuita, unaumalizia. Hata kama mvua imenyesha. Hata kama waziri amesimama kuhutubia."

"Mimi sikujua, shangazi."

"Najua hukujua. Yeye hajui kama hukujua."

"Basi nenda uchukue ngoma zenu, mje mpige, nitalipia gari."

Mama yule alitikisa kichwa. "Ameitwa na mikono yako kwenye ngoma hizi. Utapiga wewe. Mimi nitakuonyesha njia kwa makofi. Utapiga mpaka Wakio aanguke mwenyewe, na si kabla. Na nisikilize vizuri, baba. Atakuomba uache. Atakuomba kwa sauti ya mkeo. Anajua mnavyoitana mkiwa peke yenu. Usiache."

"Na nikiacha?"

"Hatatafuta tena mlango wa kutokea."

Walifunga madirisha, wakazima simu. Upepo wa alasiri ulikuwa unasukuma mchanga chini ya mlango. Muinde aliketi, akashika vijiti, na kabla hajapiga hata mara moja, Wakio alitoka chumbani kwa miguu yake, kanga imemlegea kiunoni, akasimama katikati ya sebule akiwa amefumba macho, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni.

Muinde akaanza. Plastiki ikatoa sauti ya ngozi. Alipofika mahali alipozoea kukatiza, mikono yake ilisita, maana hakujua mbele kuna nini, lakini makofi ya shangazi yakamwongoza, akavuka. Hapo Wakio akacheka, kicheko cha mama mzee aliyepata alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi, akaanza kucheza. Mabega yake yalikwenda kasi kiasi kwamba Muinde hakuyaona tena kama mabega, harufu ya ngozi ikapanda, joto likapanda, na ingawa hapakuwa na moto mahali popote ukuta ulio nyuma ya runinga ukawa na mwanga mwekundu unaochezacheza, na kwenye mwanga ule kivuli cha Wakio kilikuwa kimoja kwanza, kisha kikawa viwili, na kile cha pili kilikuwa kimepinda mgongo na hakikucheza sawa na cha kwanza, kilikuwa kinamwongoza.

Mikono ya Muinde ilianza kuchubuka. Damu ikateleza kwenye vijiti. Aliendelea.

"Fundi," Wakio alisema.

Ilikuwa sauti yake, ile nyembamba, ile ya kwaya. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Muinde hivyo.

"Fundi, imetosha. Ninaumia."

"Piga!" shangazi alisema.

"Moyo wangu unapasuka. Tafadhali. Nitazame. Ni mimi."

Muinde alimtazama, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu macho ya Wakio yalikuwa wazi sasa, yamejaa machozi, na midomo ilikuwa imekauka ikapasuka, na miguu yake ilikuwa imeanza kuacha alama nyekundu kwenye saruji, lakini ilikuwa inaendelea kupanda na kushuka kana kwamba si yake, na alikuwa amenyoosha mikono kwake kama mtu anayezama anavyomnyooshea aliye ukingoni, akisema Fundi, Fundi wangu, kama uliwahi kunipenda acha, acha sasa hivi, na shangazi akipiga makofi huku analia naye, na Muinde akafumba macho yake, akainamisha kichwa, akapiga, akapiga, akapiga hadi hakujua tena kama ni yeye anayepiga au ni ngoma zinazompiga yeye, hadi yale maombi yakawa kilio, na kilio kikawa pumzi, na pumzi ikakatika.

Kishindo. Shangazi akaacha makofi.

Alipofumbua macho, Wakio alikuwa chini. Ukuta ulikuwa ukuta. Ngoma moja ilikuwa imepasuka kutoka upande hadi upande. Kutoka mahali fulani karibu na mlango, sauti nzito ilisema neno moja kwa Kidawida, kwa utulivu, kisha mchanga ulioingia chini ya mlango ukatawanyika, kana kwamba pindo la nguo limeupitia.

"Amesema nini?" Muinde aliuliza.

"Ameshukuru," Margaret alisema, akapiga magoti kumgusa mpwa wake. "Yuko hai. Lete maji."

*

Wakio alilala siku nzima, akaamka akaomba uji. Sauti yake ilirudi kidogo kidogo. Nyayo zikapona. Maundu alipiga simu kila jioni, akisema ameuza gita lake na hataki kusikia habari za gemu tena maishani. Muinde alizichoma zile ngoma nyuma ya nyumba, nazo ziliungua kama plastiki yoyote, moshi mweusi na harufu mbaya ya kawaida. Watu wa Sofia walipouliza, alisema mashine iliharibika.

Saluni ilifunguliwa. Wateja wakarudi, hata yule wa nywele nusu. Jumapili moja Wakio aliimba peke yake kanisani, na Pasta Obadiah alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na sauti ilikuwa moja tu, safi. Muinde aliketi nyuma akihesabu baraka zake. Aliona kwamba yamekwisha.

Jioni ile Wakio alikuwa anakatakata sukuma kwenye meza ya jikoni. Muinde alikuja nyuma yake, akamwekea mkono begani. Alimhisi akikakamaa.

"Bado unaumwa?"

"Hapana."

"Shangazi alinionya," Muinde alisema. Hakujua kwa nini alisema. Labda alitaka kushukuriwa. "Aliniambia pepo atatumia sauti yako. Nilikaribia kuacha, Wakio. Aliijua sauti yako kabisa. Mpaka lile jina."

Kisu kiliendelea kukata kwa muda. Kisha kikasimama.

"Yeye hakusema kitu siku ile," Wakio alisema. "Alikuwa anacheza tu. Alikuwa amefurahi sana, hakuwa na haja ya kuongea."

Muinde aliondoa mkono wake.

"Yule aliyekuwa anakuomba," Wakio alisema bila kugeuka, "alikuwa ni mimi."

Akazikusanya mboga kwa viganja, akazitia sufuriani, na mafuta yakalia.