Bendera Nyeupe ya Ihanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Anjela alimpelekea baba yake uji. Alikatiza mashamba ya chai huku umande ukimlowesha miguu, chupa ya uji ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, maana baridi ya Njombe mwezi wa saba haina adabu.

Baba yake, Linus, alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege cha Shamba la Chai la Ihanga, upande wa Yakobi. Kiwanja chenyewe kilikuwa nyasi tupu, kimeinuka penye kibanda cha mlinzi na kuteremka hadi bondeni. Kila ndege ilipotarajiwa, Linus alikitembea chote, akafukuza ng'ombe, kisha akapandisha bendera nyeupe. Rubani akiiona, anajua njia ni salama. Asipoiona, hatui.

Zamani walinzi walikuwa wanne. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi mwaka 1997, meneja mpya, Bwana Hilario, aliwapunguza watatu. Lakini wakubwa wakipunguza watu, kazi hawazipunguzi. Humtwika yule aliyebaki. Linus akawa analinda kiwanda usiku, na kukicha anakwenda kiwanjani. Mkewe alikwisha kufariki, hivyo hakuwa na wa kumwambia, "Nimechoka."

Siku ile nyumbani kulikuwa na furaha. Getruda, mama mdogo wa Anjela, alikuwa anarudi kutoka Uingereza, alikokuwa akisomea shahada ya uzamili. Danford, kaka yake Anjela, alikuwa akijiandaa kwenda Makambako kumpokea kwenye basi kesho yake.

"Hivi anasomea nini hasa?" Danford aliuliza akifunga kamba za viatu.

"Anasomea kwa nini watu wazima, wenye akili zao, huangusha ndege nzima," Linus alijibu. "Uchovu, woga, haraka. Ndivyo alivyonieleza."

"Loo! Mtu apande ndege mpaka Ulaya kusomea uchovu? Si angekuja kukuangalia wewe, baba!"

Walicheka wote. Asubuhi iliyofuata, Anjela hakuwa na cha kuchekea. Alipofika kibandani alimkuta baba yake ameketi kwenye gogo, tochi mkononi bado inawaka, kidevu kifuani, amelala fofofo. Bendera ilikuwa imekunjwa miguuni pake.

"Baba! Baba, kumekucha!" Alimtikisa bega.

Linus alifumbua macho kidogo. "Naam, Mama Danford," alisema, kisha akayafumba tena.

Baba yake alikuwa akiongea na marehemu!

Papo hapo akasikia mlio angani. Ndege ya Meneja, iliyotarajiwa asubuhi ile! Akatupa macho kiwanjani. Huku juu kulikuwa kweupe, lakini kule bondeni ukungu ulikuwa umelala mzito. Akakumbuka maneno ya Meneja mbele ya wafanyakazi wote: "Mlinzi nitakayemkuta amelala, kibarua chake kimeota nyasi." Na nyumba waliyoishi ilikuwa ya shamba. Baba akifukuzwa, watalala nje.

"Kwa baridi hii, ng'ombe watakuwa wamefungwa," alijifariji. Akavuta kamba. Bendera ikapanda.

Ndege ikateremka, ikagusa nyasi, ikapita mbele ya kibanda kwa kasi na kumezwa na ukungu. Mara ng'ombe walilia. Injini ikapiga ukelele, kikafuata kishindo kilichoitikisa ardhi. Halafu kimya.

Chupa ya uji ilimponyoka Anjela. Linus aliruka kutoka kwenye gogo, akaitazama bendera, akamtazama binti yake. Wakakimbia.

Ndege ilikuwa imelala ubavu mtaroni, bawa moja limevunjika. Mlango ulifunguka kwa teke. Akatoka rubani, Abdulaziz, kijana wa Makambako. Akafuata Meneja, kiatu kimoja hana. Mwisho akatoka mwanamke, damu ikimchuruzika usoni.

"Mama mdogo!" Anjela alipiga yowe.

Kumbe Getruda alitaka kuona viwanja vidogo kwa ajili ya masomo yake, na Meneja alikuwa amempa lifti kutoka Dar es Salaam. Danford alikuwa Makambako akichungulia kila basi, na mtu wake yuko hapa, nusura auawe na mkono wa mtoto wa dada yake.

"Nani alipandisha bendera?" Meneja alinguruma.

"Mimi, Meneja," Linus alijibu upesi.

"Umefukuzwa! Leo hii utoe vyombo vyako!"

Anjela angeweza kunyamaza. Lakini aliiona ile damu.

"Si yeye, ni mimi!" alilia. "Baba alikuwa amelala. Niliogopa utamfukuza, nikapandisha bila kukitembea kiwanja."

Meneja aliinua mkono. Getruda akasimama katikati yao. "Ngoja kwanza, Meneja. Shemeji, usingizi wa kitandani uliupata lini?"

Linus alifikiri, akatikisa kichwa. "Sikumbuki, shemeji."

Getruda akashika kinywa.

Ndipo Abdulaziz alipojitupa chini kwenye majani. "Huyu mtoto ametushinda kwa kusema kweli," alisema. "Mimi ukungu niliuona. Nilitaka turudi. Meneja ukaniambia, 'Teremka, wageni wananisubiri.' Nikaogopa kibarua changu. Bendera ni bendera tu, macho ninayo."

Meneja akabaki ameukodolea macho mguu wake usio na kiatu.

"Mlinzi aliogopa kusema amechoka," Getruda alisema taratibu. "Rubani aliogopa kusema turudi. Mtoto aliogopa kusema baba amelala. Wote wakimwogopa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Ukiwafukuza kwa kusema kweli, Meneja, wa kesho atakunyamazia mpaka ufe."

Kisha akamgeukia Anjela. "Nawe umekosa, mwanangu. Bendera ile ni neno. Usiseme 'salama' kwa jambo ambalo macho yako hayajaliona. Lakini umekiri mapema, na ndivyo tulivyoujua ugonjwa wenyewe."

Meneja hakuomba radhi, wakubwa hawajazoea. Ila walinzi wawili wa zamani waliitwa tena kazini, na Linus akaanza kulala kwake. Danford alirudi amenuna. "Nimemsubiri mtu wa basi," alisema, "kumbe kashukia kwa ng'ombe!"

Wiki chache baadaye, ukungu ulijaa tena bondeni. Mlio wa ndege ulisikika. Linus aliketi juu ya gogo, macho makavu, bendera imekunjwa mapajani. Ndege ikazunguka juu yao, ikazunguka tena, kisha ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Baba," Anjela alinong'ona, "Meneja atakasirika."

"Akasirike, mwanangu," Linus alisema, akipokea uji. "Mtu hukasirika akiwa hai."