Miezi Minne ya Pudensiana

Siku hiyo foleni ya picha za pasipoti ilitoka mlangoni mwa studio mpaka kwenye meza ya muuza vocha, maana nafasi za kazi zilikuwa zimetangazwa na Mpanda nzima ilitaka kuajiriwa. Pudensiana alikuwa nyuma ya kompyuta na gauni lake la kitenge cha bluu, limemkaa sawasawa, anafuta chunusi za watu. Kwa kazi hiyo alisifika mji mzima. Unaingia kwake na uso wenye vipele kama umeshambuliwa na nyuki, unatoka na sura ya bwana harusi.

Akaja kijana mrefu mwenye shati lililopauka mabegani. Akamrushia picha moja kwenye simu, akasema, "Dada, isafishe kidogo, uitoe kubwa," akaenda kununua maji. Picha ilikuwa nyeusi tii. Katikati duara jeupe, pembeni vidoti vinne. Pude akasema moyoni, simu ya huyu imejaa vumbi. Akavifuta vidoti vyote, kwa ustadi wake ule ule, akaprinti.

Kijana aliporudi aliishika picha akaitazama mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna.

"Dada, umenifutia miezi yangu."

"Mwezi gani?"

"Minne. Ilikuwa hapa, imejipanga."

"Kaka, nimekutolea vumbi bure, badala ya kushukuru unaniletea kesi."

"Si vumbi. Hii ni Mshitarii, sayari kubwa kuliko zote, na ina miezi yake. Nimehangaika nayo, simu nimeifungia kwenye darubini kwa mpira wa tyubu, mkono ukitikisika kidogo tu basi, picha imeharibika."

Pude akamkagua kuanzia viatu. "Wewe Msukuma?"

"Wa Kakese. Naitwa Malale, fundi sola."

"Nilijua. Ng'ombe wa kuhesabu wamewaishia huku chini, sasa mmehamia juu."

Foleni ikacheka. Malale naye akacheka, na Pude akaona meno yake, na kazi ya siku ile ikaharibika. Picha tatu zilizofuata aliwaachia watu chunusi zao.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo walitoka, wakala chipsi mayai, wakatembea barabarani wameshikana vidole. Lakini Pude hakuwa mtu wa kutoka. Studio ilikuwa ya kaka yake, Evarist, aliyemlea tangu baba yao afariki. Asubuhi kaka alimpakia kwenye pikipiki kutoka nyumbani Shanwe, jioni akamrudisha, geti likafungwa na ufunguo ukaingia mfukoni mwa kaka. Chumba cha Pude kilikuwa na dirisha moja la nondo, linaloangalia mashariki. Simu yake kaka aliishika muda wowote alioutaka. Na juu ya yote hayo Evarist alikuwa ameshamwahidi kwa Venant, mfanyabiashara wa mchele aliyefiwa na mke. Venant akija studio alimtazama Pude kama anayekagua mchele kiganjani, akaondoka bila kumsalimia.

Kwa hiyo mapenzi yao yakawa ya simu, usiku. "Nitakufa nimekaa humu," alimwambia Malale, sauti chini ya shuka.

"Hufi, kipenzi. Unaona nini hapo ulipo?"

"Nondo."

"Na nyuma ya nondo?"

"Kuna nyota moja kali hivi, haimetameti."

"Ndiyo hiyo Mshitarii. Na mimi naitazama sasa hivi. Ipo nyingine inaitwa Zohali, hiyo ina pete."

"Sayari imeshavishwa pete, mimi bado nafuta chunusi."

Malale akacheka. "Pude wangu, kama wewe huwezi kuja kwenye miezi, basi miezi itakuja kwako."

Kesho yake akaleta darubini studio, imeviringishwa kwenye kitenge, na Pude akaipitisha mbele ya kaka yake akisema ni stendi ya taa iliyoharibika. Kila jioni giza lilipoingia tu, aliiweka juu ya ndoo na kuipenyeza kati ya nondo mbili. Ilimtesa. Mshitarii haikukubali kutulia: ukishaipata inateleza inatoka, maana dunia yenyewe inazunguka. Akipunguza mwanga kwenye simu, duara linapendeza ila miezi inapotea. Akiongeza, linakuwa doa jeupe tu. Alilaani, alifuta, alianza upya. Halafu jioni moja akabana pumzi, akabonyeza, na vikatokea. Vidoti vinne, vimejipanga mstari mmoja. Alijikuta analia, asijue analilia nini.

Akamwandikia Malale: *Nina miezi minne. Nimehakikisha mara mbili. Nina furaha mpaka nashindwa kukaa. Picha hii hapa. Kaka asijue kwanza.*

Akatuma. Bando lilikuwa limeisha, ujumbe ukabaki pale pale.

Asubuhi Evarist akaishika simu.

Jamani. Alisoma, akakaa chini. Akamwita mkewe, Recho, naye akasoma, halafu akaifungua ile picha: nyeusi, katikati kitu cheupe. Recho ana watoto wawili. "Ndiyo picha zenyewe hizi," alisema. "Hii utrasaundi, baba. Mimi pia nilipewa hivi hivi."

"Wifi, hiyo ni sayari," alisema Pude. "Miezi ya angani, siyo ya tumboni."

"Mwezi uko mmoja, wifi. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Darubini hii hapa. Ngojeni jioni niwaonyeshe."

"Tuonyeshe," alisema Evarist.

Jioni mvua ikanyesha. Kesho yake mawingu. Recho alitaka wampeleke akapimwe, Evarist akakataa, kwa sababu nesi anasali nao kanisa moja na habari ingefika kwaya kabla ya majibu. Pude akafungiwa chumbani. Chakula kilipitishwa mlangoni, ndoo ikatolewa, kufuli likarudishwa.

Kupitia dirishani alimsikia kaka barazani anapiga simu. "Wewe ndiye Malale? Dada yangu ana mimba ya miezi minne. Kama wewe ni mwanaume uje hapa." Kisha Evarist akaja mlangoni. "Mwanaume wako amekata simu. Umemsikia? Amekata."

Pude akaketi sakafuni. Alimpenda Malale, na kule kukata simu kulimuuma kuliko kufuli.

Simu ile ilimkuta Malale juu ya bati la mtu, spana mkononi. Alipiga hesabu. Yeye na Pude hawakuwa wamefikisha hata miezi miwili, na walichowahi kugusana ni vidole chini ya kaunta. Kwa hiyo kuna mwingine. Iliuma, sitaki kuwadanganya. Alikaa juu ya lile bati mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama anaumwa. Usiku hakula, mama yake akamuuliza, naye akamweleza bila kumficha.

"Sasa?" mama akauliza.

"Sasa mama, yule binti yupo ndani ya nondo. Na mtoto naye yupo ndani ya nondo."

Siku ya tatu mawingu yakaachia. Mshitarii ikatokea kwenye dirisha la Pude, kali kama siku ya kwanza. Alishaitoa darubini kwenye kitenge. Alishafungua mdomo amwite kaka yake aje aone, amalize fedheha, arudishiwe jina lake. Hapo ndipo alipomsikia Recho barazani, anaongea na simu.

"Venant amekataa, shoga yangu. Kasema hawezi kulea mimba ya mtu."

Pude akabaki na mdomo wazi. Neno moja tu, "Kaka njoo uone," na Venant angerudi na mchele wake. Akikaa kimya, angebaki binti wa mimba asiye na mwanaume, na Shanwe nzima ingemnyooshea kidole. Akaitazama Mshitarii mpaka ikateleza ikatoka. Akaiviringisha darubini kwenye kitenge, akaunyamazia ukweli wake.

Kesho yake mchana geti likagongwa.

"Shikamoo kaka," sauti ikasema, na Pude akasimama.

"Usinishikamoo. Mimba ni yako?" Evarist akauliza.

Malale alikuwa amevaa lile shati lake la kupauka, amelipiga pasi mpaka mikono inakata. Na alipojibu aliamini kabisa kwamba anachukua damu ya mtu mwingine.

"Ni yangu. Iwe miezi minne, iwe mitano, yote yangu. Nimekuja kumwoa. Mama yangu anatusubiri Kakese."

Nyuma ya mlango Pude alishika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kupendwa hivyo, na alilijua hilo.

"Basi mchukue," alisema Evarist. Alilisema taratibu, maana alikuwa kaka, hakuwa shetani. "Nasema mbele ya mke wangu, sirudi nyuma. Taratibu za kanisa mtazifuata huko kwenu. Recho, mfungulie."

Kufuli likatoka. Pude akatoka na gauni lake la bluu, kitenge kimeviringishwa kifuani. Evarist akamrudishia simu bila kumtazama. Walikuwa katikati ya uwanja, geti liko mbele, Malale akainama sikioni kwake.

"Sitakuuliza ni ya nani. Si sasa hivi, wala kesho."

Pude akafungua simu huku wanatembea, akamwekea kiganjani. "Hesabu."

Malale akatazama. Duara jeupe. Kidoti, kidoti, kidoti, kidoti. Hatua zikamwishia.

"Pude. Hii si..."

"Nyamaza. Kaka bado yuko barazani."

"Umeipata yote minne?"

"Yote minne," alisema Pude, machozi yanamtoka, kicheko amekizuia. "Tembea, mpenzi. Tutoke getini kwanza."