Aliyekaa Ndani ya Robo ya Sekunde

Kikombe kilianguka kabla hajakigusa. Mama Visu alikuwa amenyoosha mkono tu, macho yakiwa kwenye simu, akasikia paa! na chai ikatambaa hadi chini ya friji. Akaguna, akageuka achukue kitambaa, na kitambaa nacho kikadondoka kutoka msumarini vidole vikiwa bado njiani.

"Siku gani hii, jamani!"

Hakuogopa. Alikasirika tu, na mwezi huo wote alikuwa mtu wa kukasirika. Hata harufu hakuitilia maanani. Jiko lao lilikuwa la umeme na nyumba nzima haikuwa na kiberiti, lakini pale jikoni palinuka njiti iliyozimwa sasa hivi.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu kazi yake, maana balaa lilianzia huko. Mama Visu alitengeneza mapigano. Kampuni yao ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Ninja wa Majivu, na kila upanga, kila teke, kila adui anayeruka ukutani alipitia mikononi mwake, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Mchezo ukauzika. Lakini wachezaji wale wakali, wale wanaojiona wamezaliwa na vidole vya chuma, waliucheka hadi basi. "Mchezo wa kubembelezwa," waliandika. "Nyanya yangu anaumaliza huku anasinzia." Mmoja akaandika, "Aliyetengeneza mapigano haya akapike uji." Maneno ya mtu huyo, Mama Visu aliyakariri yote.

Kilichochekwa ni kitu alichokiita huruma. Kabla adui hajapiga, anavuta pumzi, hhff, anasimama robo ya sekunde, ndipo upanga unashuka. Ukichelewa kukinga ndani ya robo hiyo, mchezo unajifanya haujaona. Mchezaji hajui kwamba amesaidiwa. Anajiona hodari.

Basi kwenye sehemu ya pili akaamua kuwakomesha. Jumanne asubuhi alifungua faili la Mlinzi wa Daraja, adui mkubwa wa mwisho, akafuta ile pumzi, akafuta ile robo, na pale palipoandikwa huruma akaweka sifuri. Akawapitia maadui wengine wote, sifuri, sifuri, sifuri. Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwaka mzima. Kikombe kilianguka alasiri ya siku hiyohiyo.

Kufikia Alhamisi, Bonge alikuwa amekufa darajani mara mia mbili na kumi na moja. Bonge ndiye mjaribu wao, kazi yake kucheza kutwa nzima atafute kasoro, na kwa vidole hana mpinzani.

"Dada, huyu hapigani," akasema, akikitupa kidhibiti cha mchezo mezani. "Huyu anachinja tu. Mimi nikibonyeza, yeye kashamaliza."

"Ongeza bidii."

"Bidii gani tena? Hanipi ishara! Nimkinge kwa ndoto?"

"Ndivyo wanavyotaka wenyewe. Wakali, si wakali? Haya, wakale jeuri yao."

Bonge akamsogelea, akashusha sauti. "Na ile pumzi ulisema umeifuta."

"Nimeifuta."

"Basi mbona naisikia?"

"Vua hizo hedifoni, labda zina kasoro."

"Nimezivua tangu asubuhi, dada. Naisikia hapa." Akajigusa nyuma ya shingo.

Mama Visu akamwambia apunguze kahawa. Bosi naye akapita, akatazama Bonge akifa mara ya mia mbili na kumi na mbili, akapiga makofi. "Hapo sasa! Jumatatu tunauachia. Safari hii hakuna wa kutucheka."

Nyumbani mambo yakazidi kuharibika, tena kwa namna ya kuudhi, si ya kutisha. Mlango wa lifti ulimbana mguu kabla hajaingia. Kisu kilimkata kabla hajakigeuza. Maji ya moto yalifika mkononi kabla hajainamisha birika. Vikombe saba ndani ya siku tatu! Alitukana vikombe, akatukana lifti, akamtukana fundi wa lifti ambaye hata hamjui. Mume wake, muuguzi mpole asiyependa makelele, alimfunga plasta tu.

Ila siku ya Ijumaa binti yao, Kiroboto, miaka mitano, jina lake la utani limetokana na kurukaruka, alianguka ngazini. Goti likachubuka, jino la mbele likatoka. Alilia kwa hasira zaidi ya maumivu.

"Mama, sijaruka! Ngazi imekuja mapema!"

Mama Visu akamtazama mumewe. Mumewe hakumtazama. Alikuwa akiipapasa mikono yake mwenyewe.

"Leo kazini," akasema polepole, "sindano imeingia kwa mgonjwa kabla sijaisukuma. Nikasikia mtu amevuta pumzi. Mgonjwa alikuwa amelala kifudifudi, si yeye." Akaificha mikono mifukoni. "Nimempigia Shangazi. Anakuja kesho."

"Shangazi wa cherehani?"

"Shangazi wa majini."

Ni huyohuyo mmoja. Siku za kazi alishona sare za shule, na watu wakizidiwa na mambo wasiyoyaona walimwita, akaja na mkoba wake uleule wenye sindano na mikasi. Jumamosi mchana aliingia, mume akiwa zamu. Alisimama katikati ya sebule, akanusa, akakunja uso.

"Umevunja nini?" akauliza.

"Vikombe saba, Shangazi. Na bakuli."

"Sikuulizi vilivyokuvunjikia. Nauliza umevunja nini cha mwenzio."

"Mimi? Sijamvunjia mtu kitu! Ninakwenda kazini, ninarudi."

"Kazini unafanya nini?"

Ikabidi aeleze. Afungue kompyuta, amwonyeshe ninja, amwonyeshe Mlinzi wa Daraja. Shangazi alitazama kama mtu aliyepewa chakula kibichi. "Mtu mzima na akili zake analipwa kwa hili?" Mama Visu akauma meno, akaendelea, akafika kwenye ile robo ya sekunde, na hapo Shangazi akaacha kumcheka. Akashika pindo la gauni lake, akaligeuza nje.

"Unaona hapa? Nikishona huwa naacha nafasi. Mvaaji haioni, lakini nikiibana yote, siku akiinama nguo inachanika." Akaliachia pindo. "Sasa wenzetu hawa wanapenda mahali patupu. Nyumba isiyokaliwa, kisima kikavu, stoo isiyofagiwa. Wewe ukatengeneza mahali patupu, kila upanga una chumba chake, wakahamia. Miaka mitatu wamekaa humo. Wamemsumbua nani?"

"Hakuna."

"Halafu Jumanne ukawabomolea."

Mama Visu alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Sasa wanakaa wapi?"

"Kati ya mkono wako na kikombe," Shangazi akajibu. "Kati ya mguu wa mtoto na ngazi. Zote ni nafasi, mama. Wamebanana humo na wamekasirika. Warudishie kwao."

Hapo ndipo mwanamke huyu aliponikera, nami nasema wazi. Mtoto wake ameng'oka jino, mume wake anaogopa mikono yake mwenyewe, lakini alichokiona mbele ya macho yake ni yule mtu wa uji.

"Nilegeze tena? Wanicheke tena? Shangazi, hujui walivyoniandama! Nimekesha kwa ajili ya mchezo huu, nimegombana na kila mtu, keshokutwa unatoka! Hakuna dawa nyingine? Choma kitu, soma kitu, wafukuze!"

"Niwafukuzie wapi? Kwa jirani?"

Kabla hajajibu, walisikia Kiroboto akiimba, na sauti haikutoka chumbani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nje, ghorofa ya tatu, mtoto alikuwa amepanda chuma cha pembeni mwa ngazi, amekikalia kama mgongo wa baba yake, mguu mmoja ndani, mguu mmoja upande wa shimo linaloteremka mpaka chini kwenye saruji.

Mama Visu akaruka. Shangazi akajitupa mlangoni, akakinga kwa mwili wake wote.

"Usimkimbilie!" akanong'ona. "Ukinyoosha mkono tu, atakuwa ameshaanguka. Hata nikinyoosha mimi. Nenda kwenye mashine yako."

"Shangazi, nipishe!"

"Umeona vikombe! Hata kimoja umewahi kukidaka? Nenda!"

Na harufu ile ya njiti iliyozimwa ikajaa sebuleni mpaka macho yakawasha, na ile pumzi ikaanza, kwanza moja nyuma ya pazia, halafu nyingine chini ya meza, halafu nyingi, hhff, hhff, hhff, ukutani, darini, ndani ya nywele zake, pumzi za watu wengi waliobanwa chumba kimoja wakiwa na panga zimeinuliwa, na Mama Visu akafanya kitu ambacho hakuna mama aliyeumbwa akifanye, akampa mwanawe mgongo, akarudi mezani huku miguu ikimkatalia, huku nyuma yake Shangazi akimwambia mtoto kwa sauti ya kubembeleza, tulia mjukuu wangu, tulia hivyohivyo, usiguse kitu, na mtoto akijibu kwa furaha, Bibi, nitazame, sishiki!

Akabonyeza herufi, na herufi ikawa imeshaandikwa, tena siyo aliyoitaka. Akafuta, zikafutika mbili. Kila alichokigusa kilimtangulia.

"Niacheni niandike basi!" akalia. "Nitawarudishia! Niacheni!"

Pumzi zote zikakoma kwa pamoja. Katika ukimya ule Mlinzi wa Daraja, aliyekuwa amesimama kwenye kioo cha kompyuta bila mtu kumchezesha, aligeuza shingo akamtazama, na sauti ikatoka karibu kabisa na sikio lake, sauti iliyochoka, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Tulikuwa tumekaa."

"Najua."

"Hatukumgusa mtu."

"Najua, nisameheni, nilikasirika, nilichekwa, nisameheni."

"Fungua."

Vidole vikamtii. Akafuta sifuri ya Mlinzi, akaweka robo, akashuka kwa maadui wote, robo, robo, robo, machozi yakidondoka juu ya vitufe, na alipobonyeza kuhifadhi kitu kikapita pembeni ya shavu lake kuelekea kwenye kioo, baridi, kirefu, hakiishi, kama msururu wa watu wanaorudi nyumbani na mizigo yao. Wakati huohuo akasikia Kiroboto amesema "Aa!" na alipogeuka mtoto alikuwa ameshateleza, kichwa kinaelekea chini.

Akakimbia. Na safari hii kati ya mtoto kuteleza na mtoto kuanguka palikuwa na nafasi, ndogo, isiyoonekana, ambayo maisha yake yote alikuwa ameitumia bila kuishukuru. Mkono ukafika. Akamdaka kifundo cha mguu, Shangazi akamdaka gauni, wakaanguka wote watatu sakafuni kwa kishindo na hakuna aliyeumia.

Jumapili Bosi alimpigia simu akifoka. "Umelegeza kila kitu! Nani kakuruhusu?"

"Ukiigusa hiyo namba naacha kazi," Mama Visu akasema. "Na kabla sijaacha nafuta kila upanga niliochora. Usinijaribu."

Bosi alimjua akisema hivyo anamaanisha. "Haya mama, haya. Siigusi."

Jumatatu mchezo ukatoka. Mama Visu aliamka ametulia, akanywa chai yake yote kikombeni, akamsindikiza Kiroboto shule, wakishuka ngazi moja moja wameshikana mikono. Ofisini watu walikuwa wanashangilia. Wachezaji wakali walikuwa wanausifu mchezo! Hakuelewa. Huruma ameirudisha, wanasifu nini?

"Ni ile swichi ya Bosi," Bonge akamwambia.

"Swichi gani?"

"Kwenye mipangilio. Namba yako hakuigusa, kweli. Ila jana usiku aliongeza sehemu ya kuchagua. Imeandikwa Bila Huruma. Anayejiamini anaiwasha mwenyewe, kwake." Bonge hakuwa anacheka. "Tangu asubuhi wameiwasha watu elfu sitini."

Mama Visu akashika kiti. "Izimwe! Mwambie aizime sasa hivi!"

"Nimemwambia. Anasema hajapata kuona mchezo unapendwa hivi." Akamgeuzia kompyuta yake, iliyokuwa ikipokea barua za wachezaji. "Nilitaka uone hii kwanza, dada. Imeingia sasa hivi. Sijui nimjibu nini."

Barua ilikuwa fupi, ya mtu aliyeandika kwa haraka.

"Samahani kama nimekosea mahali pa kuuliza. Niliwasha Bila Huruma saa mbili asubuhi. Saa tatu mke wangu alikuwa ananipa mtoto nimbebe, ana wiki mbili. Naapa, sote wawili tulikuwa tumemshika."